Chujio la Hewa la Karatasi na Lile la Kuosha: Lipi Litufae Katika Magari Yetu?



Katika mkutano wetu mkuu uliopita alisimama mwanachama mmoja wa upande wa Wete akauliza swali ambalo halikuwamo katika ajenda, nalo likala wakati mwingi kuliko yote yaliyokuwamo. Aliuliza hivi: kwa nini lori la Chama hununuliwa chujio jipya la hewa kila msimu, hali ya kuwa siku hizi madukani kuna machujio mekundu ya pamba ambayo huoshwa, yakatiwa mafuta, yakarejeshwa mahali pake, na muuzaji akaapa kwamba mwenye gari hatanunua jingine tena? Mweka Hazina akajibu kuwa bei ya chujio moja la karatasi si kitu katika hesabu za Chama. Mzee mmoja wa nyuma akasema karafuu moja nayo si kitu, lakini gunia hujaa kwa moja moja. Watu wakacheka, na wengi wakamuunga mkono. Basi Halmashauri ikaniamrisha mimi Katibu nichunguze jambo hili na niwaletee khabari yake katika ukurasa huu.

Kwanza yapasa niseme kuwa mimi si fundi. Nilichosoma ni chuoni na skuli, na tangu hapo kazi yangu ni madaftari ya magunia. Lakini nimewauliza mafundi watatu, nimesoma vitabu vya wanaotengeneza magari na vya wanaotengeneza machujio yenyewe, na zaidi ya hayo nina hasara yangu mwenyewe ya kusimulia, nitakayoifikia baadaye ijapokuwa sina furaha nayo.

Aghalabu tunadhani injini hula petroli. Kwa hakika hula hewa zaidi. Ili petroli iungue barabara, kila kilo yake yataka hewa kilo 14 na kitu, karibu 15. Ukiipima kwa lita, lita moja ya petroli yahitaji hewa kiasi cha lita 9,000, nayo ni kama mapipa 45 ya yale tunayowekea maji. Gari dogo linalotoka Wete kwenda Chake Chake, mwendo wa kilomita 30 hivi, huunguza petroli lita tatu kwa makadirio. Maana yake limevuta mapipa 135 ya hewa kabla abiria hawajashuka. Na hewa hiyo ni ile ile ya barabarani, pamoja na vumbi la gari lililotangulia.

Vumbi letu si kitu cha kudharauliwa. Ndani yake mna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda na ringi. Zinazodhuru zaidi si zile kubwa unazoziona, bali ndogo sana, nyembamba mara kadhaa kuliko unywele wa mtu, kwa sababu hizo huingia kati ya ringi na ukuta wa silinda pale pale panapopita utando wa oili, zikasaga kama msasa. Injini iliyokula vumbi haifi siku moja. Huanza kupoteza nguvu, kisha hula oili, kisha hutoa moshi wa buluu asubuhi, na mwenyewe husema gari limezeeka.

Wazee wetu waliopata kuendesha magari na matrekta ya zamani watakumbuka kuwa kuosha chujio si jambo jipya hata kidogo. Land Rover za mwanzo, na matrekta ya Massey Ferguson, yalikuwa na bakuli la oili chini ya chujio. Hewa iliingia, ikageuzwa ghafula juu ya oili, vumbi likashindwa kugeuka nayo likaangukia humo, na lililobaki likanaswa na nyuzi za chuma zilizolowa oili. Dereva alimwaga tope, akaosha bakuli, akatia oili nyingine. Magari madogo yalianza kutiwa karatasi katika miaka ya 1950 na 1960, na sababu haikuwa uvivu wa madereva peke yake: karatasi ilichuja vizuri kuliko bakuli, khasa injini inapozunguka polepole na hewa haina kasi ya kulitupa vumbi ndani ya oili.

Karatasi yenyewe si hii tunayoandikia. Ni nyuzi zilizosongamana na kutiwa gundi ngumu, kisha ikakunjwa makunjo mengi ili eneo lake liwe kubwa ndani ya kisanduku kidogo. Lililonishangaza mimi ni kuwa chujio la karatasi lililotumika kidogo huchuja vizuri kuliko lililotoka dukani leo. Vumbi la mwanzo likishashika juu yake hufanya utando, na utando huo nao huwa chujio. Mwenye kulitoa kila wiki akalipuliza kwa kompresa, akidhani analitunza, anauondoa utando ulio na faida, na pengine anaitoboa karatasi kwa matundu asiyoyaona. Nitarudi hapa, maana ndipo palipotuuma.

Chujio la kuosha limefanywa kwa njia nyingine. Ni tabaka za kitambaa cha pamba kilichofumwa wazi, kama shashi ya kufungia kidonda, zikabanwa katikati ya nyavu mbili za waya, zikakunjwa, kisha zikatiwa mafuta maalumu yenye kunata, aghalabu mekundu. Matundu yake ni makubwa kuliko ya karatasi. Kinachonasa vumbi ni yale mafuta yaliyoshika nyuzi. Kampuni iliyojulikana zaidi kwa machujio haya ni K&N ya Marekani, iliyoanza katika miaka ya 1960 na watu wa pikipiki, Ken Johnson na Norm McDonald, ambao herufi za majina yao ndizo jina la kampuni. Watu hao walikuwa wakitafuta kitu cha mashindano: hewa ipite upesi, na chujio lisizibe kabla mashindano hayajakwisha.

Na hapo ndipo ilipo tofauti yenyewe. Kila mama anayekamua tui anaijua. Kifumbu kilichosukwa kwa kubana hutoa tui safi, lakini polepole. Kilichosukwa kwa kulegea hutoa tui upesi, na chicha ndani yake. Mwenye mashindano ya pikipiki anataka upesi, kwa sababu injini yake itafunguliwa tena baada ya mwezi na ringi mpya zitatiwa. Sisi tunataka injini ya lori ipite misimu kumi bila ya kufunguliwa.

Muuzaji atakwambia mambo matatu: nguvu zaidi, mafuta kidogo, na akiba ya fedha. Nimeyachunguza moja moja.

Katika habari ya nguvu, pana ukweli mdogo. Katika gari la petroli, mbele ya injini mna mlango wa hewa unaofunguka unapokanyaga mafuta. Ukikanyaga nusu, mlango umefunguka kidogo tu, na kinachoizuia hewa ni mlango huo, si chujio. Chujio lipitishalo hewa kwa wepesi hukufaa pale tu unapokanyaga mpaka chini na injini inazunguka kwa kasi yake yote. Mimi nimejiuliza ni wapi katika kisiwa chetu mtu hukanyaga hivyo kwa dakika nyingi, na barabara ina mikunjo, ng'ombe, na watoto wanaotoka skuli. Sijapata jibu.

Katika habari ya mafuta, watu wa maabara ya Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee, Marekani, walifanya majaribio wakayatoa mwaka 2009. Walichukua magari yenye kompyuta, moja likiwa Toyota Camry, wakaziba machujio yake kwa makusudi, wakapima. Waliona kuwa ulaji wa petroli haukubadilika kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta hupima hewa iliyoingia na kutoa petroli kwa kadiri ya hewa hiyo. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuongeza mwendo. Magari ya kabureta ni mengine: hayo chujio likiziba hula petroli zaidi, na serikali ya Marekani huwaambia wenye magari ya aina hiyo kuwa kubadilisha chujio lililoziba huweza kuokoa asilimia 2 hadi 6. Basi ikiwa chujio lililoziba kabisa haliongezi ulaji wa mafuta katika gari la kompyuta, sijui lile la pamba, ambalo sifa yake ni kutokuziba, litaupunguza kutoka wapi.

Kabla sijafika katika fedha, ipo hesabu moja ambayo ningependa kila mwenye gari aifanye kwa kalamu yake. Machujio hupimwa kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 5011: hupulizwa vumbi lililopimwa kwa mzani, kisha hupimwa lililopita. Muuzaji huonyesha kwamba chujio lake hushika asilimia 97, na la karatasi iliyo nzuri hushika 99, halafu husema, "Bwana, tofauti ni mbili tu." La, si mbili. Injini haili vumbi lililoshikwa, hula lililopita. Katika gramu 100, la kwanza limepitisha gramu 3 na la pili gramu 1. Hiyo ni mara tatu. Sisemi kuwa kila chujio la pamba lina 97 wala kila la karatasi lina 99, maana yako mazuri na mabaya katika pande zote mbili. Nasema muulize muuzaji limepimwa kwa ISO 5011 au halikupimwa, na akikutajia namba, wewe toa katika 100 uangalie kilichobaki. Sisi wakulima wa karafuu hesabu hii haitupigi chenga: mtu akileta gunia lenye makonyo 3 katika 100, na mwingine 1 katika 100, hakuna anayesema kuwa hawa wamelingana.

Sasa fedha. Huko Marekani chujio la kuosha la gari dogo ni kiasi cha dola 50 hadi 80, na chupa mbili za sabuni na mafuta yake hununuliwa mbali; la karatasi ni dola 15 hadi 25. Huku kwetu la pamba likishavuka bahari huzidi, na la karatasi la gari la Kijapani hupatikana kwa bei nafuu. Kwa hiyo la kuosha huwa sawa na matatu au manne ya karatasi, na pengine zaidi. Watengenezaji husema laweza kwenda maili 50,000, yaani kilomita 80,000, kabla ya kuoshwa, katika njia safi. Mtu wa kwetu anayekwenda kilomita 50 kila siku bila ya kupumzika hata Ijumaa atazifikia baada ya siku 1,600, ambazo ni zaidi ya miaka minne. Kisiwa hiki urefu wake haufiki kilomita 70. Katika nchi za barabara ndefu akiba ile huonekana. Kwetu gari huenda likauzwa kabla haijaonekana. Isitoshe, maili 50,000 ni za lami, si za njia ya shamba.

Hapa naomba niwasimulie hasara yangu. Miaka michache nyuma nilinunua chujio la kuosha kwa ajili ya gari langu, Probox. Sitaitaja chapa yake, maana kosa lilikuwa langu. Nililitumia mwaka mzima, nikaliosha Jumamosi moja kwa bidii kubwa, nikalianika juani pamoja na karafuu, nikalitia mafuta mpaka yakachuruzika, kwa kudhani kuwa mafuta mengi yatanasa vumbi jingi. Asubuhi yake nilitoka nayo. Siku ya tatu taa ya injini ikawaka, gari likawa linatetemeka penye mataa na kukohoa kwenye mlima. Katika magari kama hayo, mara tu baada ya chujio mna kipima hewa, nacho ni waya mwembamba sana unaopashwa moto; kompyuta hujua kiasi cha hewa kwa jinsi waya unavyopozwa. Mafuta yangu yalikuwa yamerukia waya, na vumbi limeyagandia. Fundi wa kwanza hakutambua, akabadilisha plagi zote nne, akachukua ujira wake. Wa pili alikifungua kipima hewa akakisafisha kwa dawa yake ya kupuliza, na gari likapona kwa dakika kumi. Watengenezaji wa machujio hukanusha kuwa mafuta yakitiwa kwa kiasi yanaweza kuharibu kipima hewa, na huenda wakawa wa kweli. Lakini neno "kwa kiasi" lina kazi kubwa hapo, na mtu anayeosha mara moja kwa mwaka hana mazoea ya kukijua kiasi.

Kwa wale walio nalo tayari, wasilitupe. Waliloweke kwa sabuni yake kama dakika kumi, wasiliache likakaukia, kisha walisuuze kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu, kutoka upande wa ndani ulio safi kuelekea nje, ili uchafu urudi ulikotokea. Wasitumie petroli, wala kompresa, wala moto. Walikaushe kivulini mpaka likauke kabisa. Kisha mafuta yatiwe mstari mmoja mwembamba juu ya kila kunjo, lingojewe dakika ishirini yasambae, na palipobaki peupe paongezwe kidogo. Kazi hii ikifanywa sawasawa yataka siku nzima ambayo gari halitembei, na jambo hilo muuzaji hasemi.

Wenye pikipiki mambo yao ni mengine, maana pikipiki nyingi zina chujio la sponji la kutiwa oili tangu kiwandani. Hilo ni la kuosha kwa asili yake, na wengi wenu hamliangalii mpaka limemeguka kama mkate wa jana. Lioshwe kwa maji na sabuni, likamuliwe bila ya kusokotwa, likauke, litiwe oili, likamuliwe tena. Ninawaona vijana wanaopeleka wachumaji mashambani wamelitoa kabisa wakidai kuwa pikipiki inakuwa nyepesi. Inakuwa nyepesi kweli, na mfuko wa mwenyewe nao baada ya miezi michache.

Nirejee katika lori la Chama, ambalo ndilo lililoleta swali. Wengine wenu ni wanachama wapya, hamkuwapo msimu ule Canter letu lilipokwama. Lilikuwa na chujio la karatasi, na karatasi yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini kila Ijumaa lilipelekwa mahali likapulizwa kwa kompresa, mpaka karatasi ikapasuka kwenye pembe, chini ya ukingo wa mpira, pasipoonekana. Lilikwenda hivyo miezi kadhaa katika njia za udongo mwekundu. Injini ya dizeli haina mlango wa hewa kama wa petroli. Huvuta hewa nyingi wakati wote. Katikati ya mavuno ikaanza kula oili, moshi ukajaa, na mlimani gari likawa halipandi na magunia yake. Tulifanya ovahoo. Siku kumi na moja lori lilikuwa chini, na karafuu mbichi za wenzetu wa mashamba ya mbali zikabaki malundo kambini, zikashika joto, zikavunda na kupauka. Waliopata hasara ile wanajijua, na Chama hakikuweza kuwalipa chote. Tangu hapo ndipo Halmashauri ilipokata shauri kuwa lori linunuliwe chujio jipya kila msimu, lisipulizwe. Fedha anazoziuliza mwenzetu wa Wete zilianzia hapo.

Ni kweli kuwa Canter lile la zamani halina kipima hewa cha waya, kwa hiyo hasara yangu ya Probox isingelipata. Na ni kweli kuwa chujio la pamba halipasuki kwa masika wala kwa kulowa kama karatasi. Mtu aliye mbali, asiyeweza kupata vipuri ila kwa kungoja meli, naye ni mwangalifu wa kuosha, ana haki ya kulichagua. Mimi simlaumu. Lakini lori letu lina madereva wawili na utingo wanaobadilika, na kazi ya kuosha itakuwa ya kila mtu, yaani si ya mtu.

Khatari iliyopo upande wa karatasi ni bandia. Yamejaa. Kabla ya kulipa, lielekeze chujio kwenye jua: mwanga upite kwa ukungu sawasawa, pasiwe na kitundu hata kimoja kinachong'aa. Makunjo yawe ya umbali mmoja, gundi isiwe na pengo, na mpira wa ukingo uwe laini wa kubonyea. Chujio la bei rahisi lenye mpira mgumu ni baya kuliko la pamba lililooshwa na mtoto. Na kwa chujio lolote ulilo nalo, la karatasi au la pamba, kuna mtihani usio na gharama: zima gari, fungua bomba la hewa baada ya chujio, upande wa injini, ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe, ukifute ndani. Kikitoka safi, sawa. Kikitoka na unga mwekundu, chujio lako halichuji, au ukingo wake haubani, hata likiwa limeandikwa nini juu ya sanduku.

Watengenezaji wa magari aghalabu husema karatasi ibadilishwe kila kilomita 20,000 hadi 40,000 katika njia safi, na mapema zaidi penye vumbi. Kwa magari ya shamba nusu ya hiyo inatosha kuwa kipimo, pamoja na kuliangalia kwa jicho mwanzo wa kila mwezi wa mavuno. Kuligonga polepole juu ya mti ili lidondoshe majani na wadudu hakuna ubaya.

Halmashauri imekubali kuwa lori litiwe karatasi mpya kabla ya kwenda kambini, na la pili liwekwe stoo kama akiba. Mwanachama wa Wete ameombwa awepo siku ya kulitia, pamoja na kitambaa cheupe, naye amekubali. Lile chujio lililopasuka limo ofisini juu ya kabati la madaftari kwa anayetaka kuliona. Pasuko lipo pembeni, upande wa kushoto, ukiinua mpira.

Katibu